Diski Inaonekana, Fomati Inakataa: Urithi wa Kebo ya Mita 6

Swali hili limenifikia mara tatu sasa kutoka kwa vijana wanaojifunza kuendesha seva. Diski iko kwenye mashine nyingine, imeunganishwa kwa mtandao, inaonekana vizuri pamoja na ukubwa wake. Lakini ukianza kuifomati, kazi inakwama katikati. Je, diski imekufa? Mara nyingi hapana. Kuelewa sababu kunataka turudi nyuma, hadi siku ambazo wengi wetu hatukuwa tumezaliwa.

Mwaka 1986 ANSI, shirika la viwango la Marekani, lilipitisha kiwango cha SCSI, yaani lugha ambayo kompyuta hutumia kuiamuru diski. Chimbuko lake lilikuwa kazi ya kampuni ya Shugart Associates. Kebo ya kawaida ya SCSI ya wakati huo haikutakiwa kuzidi mita 6, na ile ya bei kali ilifika mita 25. Kwa hiyo diski ilikuwa ndani ya sanduku lenyewe, au mezani kando yake. Ukituma amri, jibu linarudi papo hapo. Diski isiyojibu ilihesabiwa kuwa mgonjwa, na kwa kebo fupi namna ile hukumu hiyo ilikuwa ya haki.

Kisha wahandisi wa IBM na Cisco wakaja na wazo jipya: kwa nini amri hizo hizo zisifungwe ndani ya pakiti za TCP na kusafirishwa kwa waya wa kawaida wa mtandao? Uandishi wa kiwango hicho uliongozwa na Julian Satran wa IBM, na Aprili 2004 kikatoka kama RFC 3720. Jina lake ni iSCSI, na mlango wake ni namba 3260. Ofisi ndogo isiyoweza kununua vifaa ghali vya Fibre Channel ikapata njia.

Kumbukeni hali yetu wakati huo. Mwaka 2004 Kenya haikuwa na kebo ya baharini ya intaneti. Tulitegemea setilaiti, ambako kwenda na kurudi kwa pakiti huchukua zaidi ya nusu sekunde. SEACOM na TEAMS zilianza kutuhudumia 2009. Kabla ya hapo, diski ya mtandao ilikuwa na maana ndani ya ua mmoja tu.

Tatizo ni kwamba njia ilibadilika, tabia ikabaki ya kebo fupi. Linux kwa kawaida huipa amri ya diski sekunde 30. Zikiisha, inaanza kulalamika kwamba diski ina kasoro, hata kama mwenye kosa ni swichi iliyo njiani. Na fomati ndiyo kazi ya kwanza inayoipakia njia hiyo mzigo mzito. Kuingia na kuuliza ukubwa wa diski ni pakiti ndogo ndogo, zinapita popote.

Nimeliona hili hapa Mayoni. Ofisi moja ya hesabu za wakulima wa miwa ilikuwa na sanduku la diski kwenye jengo la nyuma, likiunganishwa kwa redio za juu ya paa. Fundi aliyenitangulia alikwisha amua diski imekufa, inunuliwe nyingine. Nikajaribu njia kwanza:

ping -M do -s 1472 ikapita.
ping -M do -s 8972 ikakataa.

Ukijumlisha baiti 28 za vichwa vya pakiti, unapata 1500 na 9000. Seva na sanduku vyote viwili vilikuwa vimewekwa kutuma pakiti za 9000, lakini redio katikati hazikuweza kuzipitisha na zikawa zinazitupa kimya kimya. Tukarudisha pande zote kwenye 1500, fomati ikamalizika kabla chai haijapoa. Hakuna diski iliyonunuliwa.

Kuna chanzo kingine, na hiki kinawapata hata wenye mtandao safi. mkfs.ext4 ya siku hizi, kabla ya kuandika chochote, huiambia diski iachilie nafasi yake yote. Baadhi ya masanduku huchukua muda mrefu kutekeleza amri hiyo na sekunde zinaisha. Jaribu mkfs.ext4 -E nodiscard, au mkfs.xfs -K.

Kwa watumiaji wa Windows, angalieni alama ya fomati ya haraka. Tangu Vista, fomati kamili huandika sifuri diski nzima, wakati XP ilikuwa inaisoma tu kutafuta sehemu mbovu. Piga hesabu: terabaiti 1 kwa njia ya megabiti 100 kwa sekunde ni zaidi ya saa 22, tena bila kupumzika. Nani huku kwetu ana uhakika wa stima kwa saa 22?

Kabla ya kurudia fomati, soma dmesg. Ukikuta habari za muunganisho kukatika, shughulika na waya. Ukikuta diski imefungwa isiandikwe, nenda kwenye mipangilio ya sanduku. Na hakikisha hakuna kompyuta ya pili iliyoishika diski hiyo hiyo, kwa sababu ext4 na NTFS hazikuundwa kuandikiwa na wawili kwa wakati mmoja.

Jambo linalonitia hofu kuliko yote ni majina. Muunganisho ukikatika na kurudi, iliyokuwa /dev/sdb inaweza kuamka ikiitwa /dev/sdc. Katika ofisi ile, diski ya pili kwenye sanduku lile lile ilikuwa na malipo ya wakulima ya misimu minne, na nakala yake haikuwepo popote. Mtu aliyechoka, akirudia amri ya jana kwa kubonyeza mshale wa juu, angeifuta bila kuulizwa mara mbili. Tumia majina yaliyo kwenye /dev/disk/by-path, ambayo yanabeba anwani ya sanduku na jina kamili la iSCSI pamoja na namba ya diski, na uyasome kwa sauti kabla ya kubonyeza Enter.