SUV ndogo za kifahari zilizotumika: Mnunuzi aulize injini kabla ya bei

SUV ndogo za kifahari kama BMW X3, Audi Q5, Mercedes-Benz GLK na Lexus NX hushuka thamani haraka zikishavuka miaka saba au minane. Ndiyo maana mfanyabiashara aliyeingia yadi akitafuta Toyota Harrier hujikuta akizunguka X3 mara mbili mbili. Kinachosahaulika ni kwamba kinachoshuka ni bei ya gari, wakati bei ya spea hubaki ile ya gari jipya. Kwa mtu anayetumia gari hilo kufuatilia malori hadi Tunduma au Malaba, injini ikifa njiani hasara haiishii kwa fundi, maana mzigo mpakani nao hukosa wa kuufuatilia.

Injini iliyo chini ya boneti

X3 inayoonekana zaidi sokoni ni ya kizazi cha pili, F25, iliyotengenezwa Spartanburg, Marekani, kuanzia 2010 hadi 2017. Nyingi za petroli, zenye maandishi xDrive20i au xDrive28i, zina injini ya lita 2.0 yenye turbo iitwayo N20. Hapa ndipo penye hatari. Cheni ya taimingi ya N20 huongozwa na vipande vya plastiki ambavyo kwa injini za miaka ya mwanzo hukauka na kukatika. Vipande hivyo huangukia kwenye sampo na vinaweza kuziba njia ya kunyonya oili, na cheni iliyolegea inaweza kuruka meno. Injini ikifika hapo imenoki. BMW iliboresha vipande hivyo, na injini zilizotengenezwa kuanzia 2015 zina nafuu. Kwa hiyo X3 ya 2016 na ile ya 2012 si gari moja, hata kama rangi na viti vinafanana.

Ya dizeli, xDrive20d, ilikuja kwanza na injini ya N47. Nayo ina tatizo la cheni, tena imefungwa upande wa gia boksi, kwa hiyo kuibadilisha kwa kawaida ni kushusha injini. Kuanzia 2014 ilianza kupokewa na B47.

Kasoro hii husikika mtu akijua muda wa kusikiliza. Gari liwashwe likiwa limelala usiku kucha. Mnunuzi akifika asubuhi na kukuta boneti tayari ina joto, ajue muuzaji ameshaliwasha, na arudi siku nyingine. Mlio mwembamba wa kuvuma unaopanda pamoja na mzunguko wa injini, au mkwaruzo wa chuma sekunde chache za kwanza, unatosha kuacha biashara hiyo. Bei ya kubadilisha cheni iulizwe gareji kabla ya kuanza kupatana, kwani hiyo ndiyo hoja ya kushushia bei.

Audi Q5 ya kizazi cha kwanza (2008 hadi 2017) yenye injini ya 2.0 TFSI ina ugonjwa mwingine. Zile za miaka ya mwanzo hula oili kwa sababu ya ringi za pistoni, na kuongeza oili nzito hakutibu. Lexus NX 300h, iliyoingia sokoni 2014, ndiyo yenye wasiwasi mdogo. Injini yake ya lita 2.5 ya haibridi ni ile ile ya Harrier ya haibridi ya wakati huo, na fundi aliyeizoea Harrier haanzi upya. Cha kupima hapo ni betri kubwa, na kuhakikisha feni inayoipoza haijazibwa na vumbi.

Gia na matairi

Gia boksi ya otomatiki ya X3 F25, yenye gia 8, ni ya kampuni ya ZF ya Ujerumani na ni imara. Wauzaji hupenda kusema oili yake haibadilishwi maisha yote. ZF yenyewe inashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, na katika joto na foleni za miji yetu ni busara kufuata ushauri wa aliyeitengeneza. Matairi manne yawe ya saizi moja na yaliyolika sawa. Yakitofautiana, kifaa kinachogawa nguvu mbele na nyuma hufanya kazi bila kupumzika mpaka kiharibike. X3 nyingi pia hazina tairi la akiba, jambo ambalo msafiri wa barabara ndefu alijue mapema.

Kilomita za kweli

Gari kutoka Japan liombewe karatasi ya mnada. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri. R au RA maana yake limewahi kugongwa na kutengenezwa. Cheti cha ukaguzi cha Japan, yaani shaken, nacho huandikwa kilomita. Kwa gari la Uingereza kazi ni rahisi zaidi, kwani historia ya ukaguzi wa MOT inapatikana bure kwenye intaneti kwa namba ya gari, na kilomita za kila ukaguzi zimeandikwa. Ila la Uingereza lipandishwe juu na kuangaliwa kutu, kwa sababu barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa baridi.

Mpaka utakaouzia

Mercedes GLK, iliyotengenezwa 2008 hadi 2015, haikuwahi kutolewa na kiwanda ikiwa na usukani wa kulia. Hata za Japan zina usukani wa kushoto. Kwa hiyo anayeiagiza kwa soko la Nairobi atakwama, wakati kwa Kigali au Lubumbashi ndiyo inayofaa. X3 yenye usukani wa kulia ni kinyume chake, kwa kuwa Rwanda ilizuia uingizaji wa magari ya aina hiyo tangu 2005.

Umri nao una mipaka yake. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu usajili wa kwanza, hivyo F25 zinazouzwa huko ni zile zilizokwishaingia. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 magari yenye miaka 15 au zaidi. Tanzania huruhusu, lakini hutoza ushuru wa ziada likizidi miaka 8, na zaidi tena likizidi 10.

Gari lenye namba za nchi jirani lililoingia kwa kibali cha muda halijalipiwa ushuru, hata muuzaji akionyesha kadi halali ya kwao. Mnunuzi alipeleke kwa wakala wa forodha akokotoe ushuru kabla hajatoa hata malipo ya awali.