Hanga: Jina la Mahali, Jina la Mtu

Katika nchi ya Songea, mkoani Ruvuma, Hanga ni jina la mahali. Hapo mwaka 1957 Wabenediktini wa Peramiho walianzisha makao ya watawa Waafrika, ambayo leo ni abasia. Visiwani, Hanga ni jina la mtu: Abdullah Kassim Hanga, Waziri Mkuu wa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964.

Kufanana kwa majina si hoja ya nasaba. Hata hivyo, majina haya mawili hayakupata hifadhi moja. Hanga ya Ruvuma ipo palepale, na msafiri huonyeshwa njia. Hanga wa Unguja alirejeshwa kisiwani kutoka Bara mwaka 1969, akauawa bila ya hukumu ya hadhara. Kaburi lake halijulikani.

Jina lake likasalia ugenini. Huko Moscow, alikosoma na kumwoa Lily Golden, binti yao Yelena, aliyezaliwa mwaka 1962, alikuja kuwa mtangazaji mashuhuri wa televisheni. Kwa matamshi ya Kirusi jina likawa Khanga, kana kwamba limekatwa katika vazi la wanawake wa pwani.

Jina la mahali hulindwa na ardhi. La mtu halina mlinzi ila wenye kulitaja.