Jinsi ya kuwaondoa mende na wadudu wengine garini

Mende akitokeza kwenye dashibodi mchana, aghalabu wenzake wamejaa mafichoni. Mdudu huyu hupenda giza, na hutembea mchana hasa anaposongwa na wingi wa wenziwe. Madereva wengi hukimbilia mkebe wa dawa, wakapuliza, wakafunga milango na kwenda zao. Baada ya majuma machache mende hurejea, na lawama zote hutupiwa dawa.

Mjini Kakamega wadudu hawa hupata makao mema. Mji huo uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, si mbali na Ikweta, na hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi yake ikinyesha alasiri. Viatu vyenye matope huyalowesha mazulia ya gari, nayo hukauka kwa shida. Ongeza makombo ya mkate chini ya kiti cha mtoto, maganda ya miwa, na harufu ya omena iliyobaki ndani ya buti. Mende wenyewe huja kama abiria, wamejificha katika katoni na magunia ya sokoni.

Anayepatikana sana garini ni mende mdogo wa Kijerumani, mwenye urefu wa sentimita moja na nusu hivi na mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Jike hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40 mpaka yanapokaribia kuanguliwa, muda wa majuma matatu au manne. Dawa ya kupuliza humwua mama, lakini aghalabu haipenyi kifuko. Ndiyo maana kazi hii haiishi kwa siku moja: lazima irudiwe baada ya majuma matatu, kisha mara nyingine tena.

Usafi hutangulia dawa. Toa kila kitu garini, pamoja na gurudumu la akiba, kwani shimo lake hukusanya maji na uchafu. Inua mazulia, fyonza vumbi kwenye reli za viti na mikunjo yake, kisha tupa taka hizo mbali na gari. Pangusa kwa maji ya sabuni, ukaanike mazulia juani hadi yakauke kabisa.

Baada ya hapo, chambo cha jeli kinachouzwa katika bomba mfano wa sindano hufaa kuliko mkebe wa kupuliza. Weka matone madogo chini ya dashibodi, nyuma ya viti na kwenye bawaba za milango, mahali ambapo watoto hawafikii. Mende aliyekula chambo hurudi mafichoni akafia humo, nao wanaokula kinyesi au mzoga wake hudhurika pia. Usipulize dawa nyingine karibu na chambo, maana mende watakikwepa.

Jua nalo husaidia, lakini kwa kiasi. Gari lililofungwa juani kwa saa moja huweza kupata joto la nyuzi 20 au zaidi kuliko hewa ya nje. Mende na kunguni hufa joto likifika nyuzi 50 hivi, ila wale walio ndani kabisa ya viti huenda wasifikiwe na joto hilo. Joto hilohilo huweza kuupasua mkebe wa dawa ulioachwa garini, na humwua mtoto upesi.

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko mende wenyewe. Gesi inayosukuma dawa mkebeni mara nyingi huwaka moto, hivyo usipulize injini ikiwa inanguruma au mtu akivuta sigara. Wenye matatu wapulize jioni, kisha wafungue milango kwa muda mrefu kabla ya kupakia abiria. Vidonge vyeupe vya naftalini, ambavyo wengine huvitupa chini ya viti, havifai kabisa garini. Mvuke wake huweza kuvunja chembe nyekundu za damu za watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi iliyoenea katika maeneo ya malaria, yakiwemo ya magharibi mwa Kenya. Dawa zinazochuuzwa katika chupa zisizo na lebo pia ziepukwe. Iliyo halali huwa na nambari ya usajili ya bodi ya PCPB.

Sisimizi hawahitaji sumu. Liondoe gari chini ya mti ambao matawi yake yanaligusa, kisha ufute njia yao kwa sabuni. Msimu wa kumbikumbi, au chiswa kama wasemavyo Waluhya, zima taa ya ndani na ufunge madirisha magharibi inapoingia. Kufanya hivyo huwazuia mbu pia.

Nyigu au nyuki akiingia gari likiwa mwendoni, usimpigepige. Punguza kasi, egesha kando ya barabara, fungua madirisha yote na umwache atoke. Kundi zima la nyuki likitua garini, kaa mbali na umwite mfugaji wa nyuki.