Kampuni Ndogo za Santuri na Sauti ya Singeli

Tunapozungumzia muziki wa taifa letu, aghalabu tunawakumbuka waimbaji na wapigaji wa ala. Ni mara chache tunamkumbuka mtu aliyeitia sauti yao katika santuri. Hata hivyo, historia yatufundisha kwamba mwenye santuri ana sauti kubwa katika kuamua ni muziki upi utakaobaki na ni upi utakaosahauliwa.

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay ili taarab yao ya Kiswahili itiwe katika sahani za kampuni ya His Master's Voice. Baada ya uhuru, bendi zetu nyingi zilirekodi katika Radio Tanzania Dar es Salaam; lakini kanda hizo zilikuwa za kutangazwa, na bendi iliyotaka sahani za kuuza mara nyingi ilielekea Nairobi. Hivyo kwa muda mrefu sauti ilikuwa yetu, na mtambo ulikuwa wa wengine.

Katika karne hii jambo hilo limejitokeza tena kwa sura mpya. Vijana wa Manzese, Tandale na mitaa jirani ya Dar es Salaam, waliokuwa wamelelewa na mchiriku na ngoma za vigodoro, walichukua vipande vya taarab, wakavirudia na kuviharakisha kwa kompyuta, hata mapigo yakapita 200 kwa dakika. Hiyo ndiyo singeli. Ilizaliwa harusini na uani, wala haikusubiri idhini ya kampuni yoyote.

Mwaka 2017 kampuni ndogo ya Kampala iitwayo Nyege Nyege Tapes, jina ambalo Mswahili wa pwani hulitamka kwa haya kidogo, ilitoa mkusanyo wa Sounds of Sisso, uliotokana na kazi za studio ya Sisso ya Dar es Salaam. Mwaka 2018 zikafuata Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Poaa ya Bamba Pana, na mwaka 2022 Sounds of Pamoja, kutoka studio ya Duke. Wanamuziki hao wakaalikwa katika matamasha ya Ulaya.

Yafaa tujiulize kwa nini kazi hii ilifanywa na kampuni ndogo. Kampuni kubwa hutafuta wanunuzi wengi, na kwa hiyo humtaka msanii apunguze ukali wa muziki wake. Kampuni ndogo huweza kuchapa nakala chache na kurudisha gharama zake. Haina haja ya kuipunguza kasi singeli ili impendeze kila mtu. Huo ni uhuru wenye thamani kubwa.

Lakini tusijidanganye. Huko ugenini singeli imewekwa katika kundi la muziki wa majaribio, na msikilizaji hustaajabia kasi yake bila kuyafahamu maneno. Kwetu sisi, mwimbaji wa singeli ni mtunzi: husifu, hukejeli na hulalamikia shida za maisha. Ala ikitengwa na maneno, nusu ya kazi imebaki nyumbani.

Tena liko suala la haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, mwimbaji na mtayarishaji. Lakini sheria haiwezi kumtetea kwa urahisi mtu asiye na maandishi. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Wimbo uliotengenezwa usiku mmoja, bila tarehe, bila majina ya walioshiriki, bila mapatano ya mgawo, ni mali ya namna hiyo. Na yule aliyepiga taarab iliyokatwa na kuharakishwa, naye ana dai lake.

Basi hatuna sababu ya kuwalaumu majirani zetu wa Kampala kwa kutangulia. Lililo wajibu wetu ni kuanzisha kampuni kama hizo katika miji yetu, zenye daftari safi, na kuweka nakala ya kila kazi katika hifadhi ya taifa. Siti alilazimika kuvuka bahari. Wajukuu wake wasilazimike.