Moshi wa dawa ya mbu kutoka kwa jirani: namna ya kumlinda mtoto bila kuvunja ujirani

Akina mama wanaoishi kwenye nyumba za kupanga hutuuliza swali hili mara nyingi kliniki: "Mimi chumbani kwangu siwashi dawa ya mbu kwa sababu ya mtoto. Jirani anawasha kila siku na moshi wote unakuja kwangu. Nifanye nini?"

Swali ni gumu kwa sababu pande zote mbili zina haki. Moshi unamuumiza mtoto. Mbu naye analeta malaria, na jirani anayewasha dawa anawalinda watoto wake kama wewe unavyomlinda wako. Kwa hiyo ukimwambia tu "zima", umemwomba awaachie watoto wake mbu. Moshi wa jirani hupungua pale anapopata kinga nyingine anayoiamini. Makala hii inaeleza nini cha kufanya chumbani kwako usiku huu, nini cha kuzungumza na jirani, na dalili zipi zisisubiri kabisa.

Moshi unapitaje hadi chumbani kwako?

Nyumba nyingi za kupanga Dar es Salaam na miji mingine ya pwani zina vyumba viwili viwili vinavyotazamana, na ukumbi katikati. Mara nyingi hakuna dari, na kuta za vyumba hazifiki hadi kwenye bati. Moshi hupanda, hukuta bati, kisha husambaa juu ya kuta na kushukia vyumba vyote. Ndiyo maana unaweza kufunga mlango na bado ukaamka na harufu ya moshi kwenye nguo za mtoto.

Kwenye ghorofa hali ni tofauti kidogo. Huko moshi hupitia dirishani, kwenye ngazi na chini ya milango, hasa jirani wa chini anapowasha dawa barazani.

Kuna nini ndani ya moshi huo?

Dawa ya mbu ya kuwasha, ile iliyozungushwa kama konokono, ina kiasi kidogo sana cha dawa yenyewe. Sehemu kubwa ni unga wa mbao, vifuu vya nazi na gundi ya kuushikilia. Vitu hivyo ndivyo vinavyoungua taratibu kwa saa saba au nane. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima dawa za aina hii zinazotumika China na Malaysia. Ulikuta kwamba chembe laini za moshi zinazotoka dawa moja ikiungua yote ni sawa na za sigara 75 hadi 137. Chembe hizo ni ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu.

Wengine hawanunui dawa. Huchoma trei za mayai, makumbi ya nazi, maganda ya machungwa au majani ya mwarobaini. Watu husema huu ni moshi "wa asili", hauna madhara. Si kweli. Moshi ni moshi, uwe wa jani au wa dawa ya dukani. Trei za mayai hutengenezwa kwa makaratasi yaliyokwisha kutumika, na huwezi kujua wino au uchafu gani umo ndani yake.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuweka majani juu ya jiko la mkaa na kuliingiza jiko chumbani. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Chumba kikifungwa, hewa hiyo inaweza kuua familia nzima usingizini. Jiko la mkaa lisilale ndani, hata likionekana limezimika.

Kwa nini mtoto mdogo huumia zaidi?

Mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto mchanga hupumua mara 30 hadi 60. Kwa hiyo, kwa uzito wake, anavuta moshi mwingi kuliko wewe uliyelala naye kitanda kimoja. Njia zake za hewa ni nyembamba, zikivimba kidogo tu anahangaika.

Wanaohitaji uangalizi zaidi ni watoto wachanga, waliozaliwa kabla ya wakati, wenye pumu, na waliougua nimonia karibuni. Mama mjamzito na wazee ndani ya nyumba wasisahaulike.

Je, moshi wa jirani unanikinga na mimi?

Usiutegemee. Moshi huwafukuza mbu zaidi ya kuwaua, na mbu aliyefukuzwa chumba kimoja hutafuta kingine. Watafiti waliofuatilia dawa za kufukuza mbu katika vijiji vya Tanzania waliona kwamba mbu huweza kuhamia kwenye nyumba ambazo hazijatumia dawa. Kwa hiyo usiache chandarua kwa kuwa "leo jirani amewasha".

Usiku huu: fanya haya chumbani kwako

- Shusha chandarua chenye dawa mapema, kabla mtoto hajalala, na uchomeke pindo chini ya godoro pande zote. Shona matundu. Kikichafuka, kifue taratibu kwa sabuni ya kawaida na ukianike kivulini.
- Sogeza kitanda mbali na ukuta wa upande unakotoka moshi.
- Ziba upande wa moshi, fungua upande wa hewa safi. Kunja kanga ya zamani uiweke chini ya mlango wa ukumbini, kisha acha dirisha la nje wazi likiwa na wavu. Usifunge kila kitu. Ukifunga, moshi ulioingia kupitia juu hautakuwa na pa kutokea.
- Usiwashe dawa yako ili kushindana na ya jirani. Unaongeza moshi juu ya moshi.
- Moshi ukiwa mzito, mtoe mtoto nje kwa muda. Mvalishe nguo ndefu na soksi, kwa sababu nje kuna mbu.
- Asubuhi, fungua mlango na dirisha, na ufute vumbi kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia pakavu.

Kama ukuta haufiki juu, mwombe mwenye nyumba aweke dari. Wapangaji wengine hukaza salfeti juu ya chumba. Hupunguza moshi lakini hauzuii kabisa, na salfeti hushika moto haraka, hivyo mshumaa au kibatari kiwe mbali.

Usimpulizie mtoto dawa ya mbu ya kopo. Ukiipuliza chumbani, mtoe mtoto kwanza, fuata maelezo ya kwenye kopo, kisha acha chumba kipate hewa kabla ya kumrudisha. Dawa za kupaka mwilini zisitumike kwa mtoto wa chini ya miezi miwili. Kwa mkubwa zaidi, muulize mfamasia, na usimpake mikononi kwa sababu ataziweka mdomoni.

Kuzungumza na jirani

Usiende usiku moshi ukiwa umekukasirisha. Nenda mchana, mkiwa mnafua au mnachambua mboga, na uende mwenyewe badala ya kutuma maneno kupitia kwa mpangaji mwingine. Anza na salamu, kisha na mtoto. Kwa mfano:

"Habari za saa hizi, Mama Fulani? Watoto hawajambo? Nimekuja na ombi dogo. Mwanangu anakohoa usiku, na nesi ameniambia nimweke mbali na moshi. Najua mbu wanatusumbua wote. Tunaweza kusaidiana vipi?"

Kama jirani ni mtu mzima, mwamkie shikamoo, keti, usiharakishe ombi.

Kisha msikilize. Muulize kama ana chandarua. Mara nyingi hapo ndipo ukweli unapotoka: chandarua ni kimoja na watoto ni wanne, au kimechanika, au kulikuwa na joto akakivua. Tumewahi kuona ugomvi wa miezi kadhaa kati ya mama wawili ukaisha siku mmoja wao aliposhika sindano na uzi, wakashona chandarua cha mwenzake pamoja ukumbini. Yule jirani hakuacha dawa ya mbu siku hiyo hiyo. Lakini alianza kuiwasha nje jioni na kuizima watoto wakiingia kitandani. Kikohozi cha mtoto wa chumba cha pili kilipungua.

Mambo mnayoweza kukubaliana kwa kuanzia:

1. Dawa iwashwe nje au mlango wa uani, si ukumbini wala chumbani.
2. Izimwe watoto wakishaingia ndani ya chandarua. Haina haja ya kuungua hadi asubuhi.
3. Trei za mayai, plastiki na matairi visichomwe kabisa.
4. Dawa iwekwe juu ya kibati, mbali na godoro, pazia na mkono wa mtoto. Magodoro huungua kwa njia hii.

Mjulishe pia kwamba mama mjamzito hupewa chandarua kliniki anapohudhuria mara ya kwanza, na mtoto hupewa anapopata chanjo ya surua ya miezi 9. Kama alikosa, aulize kliniki.

Akikataa, usirudishe ubaya kwa ubaya. Zungumza na mwenye nyumba. Ikishindikana, mfikishie mjumbe wa mtaa wenu, na uombe kikao cha wapangaji wote badala ya kumshitaki mtu mmoja.

Ondoeni mbu, na sababu ya moshi itaondoka

Jumamosi moja, wapangaji wote wazunguke nyumba kwa nusu saa:

- Mwageni maji kwenye makopo, vifuu, ndoo zilizovunjika na matairi. Humo huzaliana mbu wa dengi, anayeuma mchana. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019.
- Funikeni mapipa na madumu ya maji ya matumizi.
- Zibeni nyufa za karo na mfuniko wa choo cha shimo, na muweke wavu kwenye bomba la hewa. Mbu wa maji machafu ndiye mwenye kelele nyingi usiku, na anaweza kueneza matende na mabusha.
- Zibueni mifereji na mfukie madimbwi.

Rudieni kila wiki, kwa sababu yai la mbu huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi hivi.

Usiseme "ni moshi tu"

Hili ndilo tunaloomba ulishike kuliko yote. Mama akishajua kwamba moshi unamkohoza mtoto, ni rahisi kuulaumu moshi kwa kila kikohozi, na nimonia ikapita bila kutambuliwa. Mhesabu mtoto pumzi akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Tazama tumbo likipanda na kushuka kwa dakika nzima. Anapumua haraka kupita kiasi kama ni:

- mara 60 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi 2;
- mara 50 au zaidi, kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12;
- mara 40 au zaidi, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5.

Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukiona anapumua haraka hivyo au ukiona:

- sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi;
- anatoa mlio kifuani au kooni anapopumua;
- midomo au ulimi unakuwa wa bluu;
- hawezi kunyonya au kunywa, au anatapika kila kitu;
- amelegea, haamki vizuri, au amepata degedege.

Mtoto mwenye homa apimwe malaria ndani ya saa 24, hata kama analala kwenye chandarua. Mtoto mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta karibu kila usiku.

Kikohozi kinachokuja usiku moshi unapoingia na kupoa mchana huenda kweli kinatokana na moshi. Hata hivyo, kikizidi wiki mbili, mlete kliniki. Unapokuja, tueleze unavyoishi: vyumba vingapi, dari ipo au haipo, nani anawasha nini na saa ngapi. Maelezo hayo hutusaidia kumtibu mtoto wako kama vile kipimo kinavyotusaidia.