Kigari au Mbeleko?

Mtoto wa pili kazaliwa, wa kwanza bado anadai kubebwa, na baba kaona kigari huko Mbarara. Asilipe kwanza! Mwaka 1733 William Kent wa Uingereza aliwaundia watoto wa Duke wa Devonshire kigari cha kukokotwa na mnyama. Mwaka 1965 Owen Maclaren, mhandisi wa ndege, akabuni cha aluminiamu kinachokunjika, chepesi, kilo 3 hivi. Wote walikuwa na njia nzuri. Wanyarwanda waliokimbilia Nakivale baada ya 1959 walikuwa na ingobyi, mbeleko ya ngozi. Mama wa Kikongo ana kitenge. Mbarara kwenye lami, sawa, nunueni. Lakini Rubondo mvua ikinyesha, kigari nacho kitataka kubebwa.