Ajali na Daftari: Historia Fupi kutoka Busia na Tororo

Wahenga walisema ajali haina kinga. Asili ya neno hili ni Kiarabu, ambako *ajal* ni muda uliowekwa, na hasa mwisho wa uhai wa mtu. Kwa maana hiyo ya zamani, ajali haikuwa jambo la kuandikiwa ripoti. Ilikuwa siku ya mtu imefika. Katika makala hii tunaangalia jinsi neno hili lilivyoingia katika daftari la kazi, na ni nani walioachwa nje ya daftari hilo.

Tuanze na Reli ya Uganda, iliyojengwa kutoka Mombasa kuanzia 1896 na kufika Kisumu 1901. Simba wa Tsavo walipowavamia wafanyakazi mwaka 1898, mhandisi J. H. Patterson aliandika kwamba Wahindi 28 waliuawa. Kuhusu Waafrika alisema waliouawa walikuwa wengi, ila kumbukumbu rasmi yao haikuwekwa. Wahindi walikuwa na mikataba, kwa hiyo majina yao yalikuwa kwenye orodha. Kibarua asiye na orodha alikufa bila kuhesabiwa. Njia ya reli kupitia Tororo ilipofika Kampala mwaka 1931, bado hakukuwa na sheria ya jumla ya fidia kwa walioumia kazini.

Sheria za fidia zilikuja katika miaka ya 1940, na zile za viwanda mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati ambapo Tororo ilikuwa ikipata kiwanda chake cha saruji. Mwajiri sasa alitakiwa kumwarifu mkaguzi wa serikali. Baada ya uhuru kila nchi ilishika njia yake. Uganda ilitunga sheria ya fidia mwaka 2000 na ya usalama kazini mwaka 2006. Kenya ilitunga zote mbili mwaka 2007. Kwa kifo cha kazini, sheria ya Kenya ya 2007 iliweka fidia ya mapato ya miezi 96, na ile ya Uganda ya 2000 miezi 60. Hivyo wapakuzi wawili wa malori mjini Busia, wanaotenganishwa na mpaka tu, wanalindwa kwa vipimo tofauti.

Lakini fidia yoyote huanza na taarifa, na hapa ndipo somo letu linapoingia. Sheria ya Kenya inamruhusu mfanyakazi, au mtu kwa niaba yake, kumwarifu mwajiri kwa mdomo au kwa maandishi. Msamia, Mteso au Mjopadhola ataeleza kwa lugha yake au kwa Kiswahili. Fomu imezoea Kiingereza. Kati ya mdomo na fomu, mengi hupotea.

Sarufi nayo ina lake. Tukiandika "mkono umevunjika", kauli ya kutendeka inamficha mtendaji, na ajali inarudi kuwa majaliwa. Tukiandika "mashine ilimvunja mkono kwa kuwa kinga yake ilikuwa imeondolewa", tumetaja chombo, tumetaja sababu, na mkaguzi ana pa kuanzia. Kumbe ajali ina kinga, na kuna aliyeiondoa.

Kiswahili ni lugha rasmi nchini Kenya kwa Katiba ya 2010, na nchini Uganda ni lugha rasmi ya pili tangu mabadiliko ya Katiba ya 2005. Basi tunawaomba walimu wenzetu wa pande zote mbili waiweke ripoti ya ajali katika masomo ya uandishi wa kiuamilifu, kando ya barua na kumbukumbu za mikutano. Mwanafunzi aandike siku, saa, mahali, kazi iliyokuwa ikifanywa, chombo, jeraha na mashahidi. Huenda kesho akamwandikia babake au jirani yake. Wale wa Tsavo hawakupata wa kuwaandikia.